Shati Nililovaa kwa Ndani

Mpaka leo kuna watu wa Kau wakiniona wanajishika kifua, upande wa kushoto, pale mfuko wa shati unapokaa, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nikinuna watacheka zaidi. Aibu niliipata, sikatai. Lakini kwa vile kila mtu anaisimulia anavyotaka (wako wanaoapa kwamba nilikuwa uchi, na hilo nalikataa kabisa, siku hiyo nilikuwa nimevaa mashati mawili), acheni niwaeleze mwenyewe, mkicheka mcheke kitu cha kweli.

Mimi naitwa Buya, mzaliwa wa Ngao, nahodha wa boti. Kwa miaka kadhaa nimeendesha boti ya shirika moja la afya lenye ofisi Garsen, boti nyeupe yenye alama ya mkono wa kijani ubavuni, tukishuka mto mimi na Sista Esha, muuguzi wetu, na sanduku lake la chanjo, kijiji baada ya kijiji mpaka Kau, kule maji ya mto yanapoanza kupanda na kushuka kwa sababu bahari iko jirani. Kazi niliipenda. Nikizima mashine tukawa tunaelea kuingia bandarini, watoto wakikimbia ukingoni na akina mama wakikung'uta leso zao kujiweka sawa, nilikuwa najiona mtu kati ya watu.

Sasa sikilizeni vizuri. Nimesema niliendesha boti ya shirika, sijasema niliandikwa kazi na shirika, na hapo katikati ndipo nilipozama. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba kazi waliniambia, "Sisi hatuandiki manahodha, tunanunua huduma. Fungua kampuni." Mimi na kampuni wapi na wapi. Nikaenda saiba pale Garsen, kijana wa kompyuta akaniuliza kampuni iitweje, nikamwambia Buya na Wana. Akaniuliza, "Una wana wangapi, mzee?" Nikamwambia bado, watakuja. Akaandika Buya na Wana, mwisho akatia Limited, na nikatoka pale nikiwa mkurugenzi, nikaenda moja kwa moja kubeba dumu la petroli begani.

Basi ikawa hivyo. Boti yao, mashine yao, petroli yao, saa ya kuondoka wanapanga wao, njia wanapanga wao, nikichelewa nasemwa, nikiugua natafutwa kwa simu, lakini mwisho wa mwezi kampuni yangu inawaandikia ankara kana kwamba ni duka limewauzia sukari. Mhasibu wao, Bi Rehema, mama mmoja wa Mombasa mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu, alikuwa akinipokea kwa heshima zote: "Karibu, mkurugenzi." Mkurugenzi nimesimama na kandambili zina tope.

Nitawaambia kilichokuwa kinaniuma, na msinicheke. Pale ofisini kuna rafu ya vikombe, kila mfanyakazi na kikombe chake chenye jina, na mimi nilikuwa nakunywa chai kwa kikombe cha wageni. Miaka yote ile mimi ni mgeni. Kila mwisho wa mwaka wanapiga picha ya wafanyakazi wote mbele ya ofisi, na kila mara mmoja wao ananipa simu na kuniambia, "Buya, tupigie," nami nawapigia, nawaambia sogeeni, fulani inua kichwa, wanatoka vizuri kabisa. Hakuna picha hata moja ambayo mimi nimo. Likizo wao wana zamu, wanaagana, wanaleteana zawadi, mimi nikikosa siku nimejikosesha mwenyewe. Marehemu baba aliandikwa kazi na serikali, kazi ya barabara, na siku alipostaafu walikuja watu nyumbani wakasimama wakamsema vizuri mbele ya majirani, na mama anayarudia maneno yale mpaka leo kama alivyoyasikia. Mimi nilikuwa nalala nikijiuliza, siku yangu ikifika, nani atakuja kumsema vizuri Buya na Wana?

Nilichokuwa nacho ni shati. La buluu, la mikono mifupi, na mkono wa kijani umeshonwa kifuani upande wa kushoto. Lilibaki moja walipowagawia wafanyakazi, likawa halina mwenyewe, Sista Esha akanitupia: "Shika Buya, usije ukatuvalia lile lako lenye matundu." Yeye alishasahau siku hiyo hiyo. Mimi nililifua kwa mikono yangu, sikumwachia hata mke wangu, na nilipokwenda Kau kwa wakwe nililivaa hilo. Mama mkwe wangu (mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hadi leo sijawahi kula mbele yake, maana kwetu mkwe na mama mkwe ni heshima na umbali) alilitazama lile shati, akamwambia binti yake, "Kumbe mume wako ameandikwa." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilijikohoza tu nikatazama migomba.

Sasa balaa lilianza siku Bi Rehema aliponiita ofisini, akafunga mlango, akanipa chai (kikombe cha wageni), akanieleza habari za kodi. Alisema watu wa kodi siku hizi hawatazami tena karatasi, wanatazama mtu anavyofanya kazi. Kama una kampuni lakini unapangiwa saa, unatumia vifaa vya mwenye kazi, huna mteja mwingine na ni lazima uje wewe mwenyewe kwa miguu yako, basi wao wanasema huyo ni mwajiriwa aliyevikwa kampuni, na shirika lilipaswa kumkata kodi ya mshahara kama wenzake. "Na ikisemwa hivyo, mkurugenzi," akasema, "tutabanwa sisi, na wewe sijui tutakuweka wapi." Halafu akaniuliza swali moja, kwa ule upole wake: "Siku usipoweza kuja, kampuni yako inaweza kutuma mtu mwingine asimame mahali pako?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Hakuna aliyewahi kuishika ile mashine isipokuwa mimi, na siku niliyokuwa na homa ya kutetemeka Sista Esha mwenyewe alikuja Ngao kuniamsha. Lakini nilitaka kuwapendeza. Mtu unapotamani kupokelewa mahali, unasema lolote wanalopenda kulisikia. Nikasema, "Bila shaka. Kampuni ina watu."

Bi Rehema akafurahi sana, akasema basi vizuri, kuna afisa wa kodi anakuja kujionea, tutampeleka Kau kwa boti, na siku hiyo kampuni yako itatuma mtu mwingine ili aone kwa macho yake. "Wewe usionekane kabisa. Na lile shati la shirika ulirudishe, mwenye kampuni yake havai sare ya mteja." Nikamwambia shati liko kwa fundi. Halikuwa kwa fundi, nilikuwa nimelivaa juzi yake na siku hiyo lilikuwa kwenye kamba nyumbani linakauka, lakini mdomo ulishasema. Kitu kidogo kilichoniponza ndicho hicho, jamani, shati. Ningelirudisha siku ile, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Nikaanza kutafuta mtu. Buya na Wana hawana mwana, mke wangu ndiyo kwanza alikuwa na mimba, kwa hiyo nikamgeukia shemeji yangu Hiribae, kaka wa mke wangu, mtoto wa yule mama mkwe. Hiribae anaujua mto tangu tumboni, na mashine alishawahi kuishika Kipini, lakini ni boti ndogo na mashine ndogo, za kwenda kutega nyavu na kurudi. Akaja Ngao kwangu nikamfundisha. Boti siwezi kuichukua bila ruhusa, kwa hiyo nilimkalisha kwenye benchi uani, nikampa mwiko wa ugali ashike nyuma ya mgongo kama mkono wa mashine, nikawa nampigia kelele, kushoto, legeza, inua, mke wangu amejishika tumbo kwa kucheka.

"Shemeji," akaniambia Hiribae, "usione wasiwasi. Boti ni boti."

"Pale Kau maji yakipwa usiingie bandarini moja kwa moja," nikamwambia. "Pita juu kidogo, inua mashine, uache maji yakulete."

"Shemeji, mimi nimezaliwa Kau."

Nikauchukua mwiko nikaurudisha jikoni.

Siku moja kabla nikatangulia Kau. Bi Rehema aliniambia nisionekane, sikubisha, lakini hakuniambia nisionekane nikiwa wapi, na kukaa Ngao nikiisikia ile mashine inapita na mtu mwingine nyuma yake sikuweza. Moyo ulikataa. Nikalala kwa jirani wa mama mkwe (chini ya paa lake silali), asubuhi nikavaa. Nikalivaa lile shati la buluu, halafu juu yake nikavaa jingine la mikono mirefu, la kahawia, nikafunga vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile. Kwa nini? Msiniulize. Boti inakwenda kazini na mimi sijalivaa, mwili ulikuwa unaniambia kuna kitu nimesahau. Nikajiambia la ndani nani analiona.

Nikajificha kwenye migomba karibu na bandari. Akina mama walishakaa ukingoni na watoto wao wakingoja chanjo, na mama mkwe wangu alikuwepo, alimleta mjukuu wake. Mara nikaisikia mashine. Naijua ile sauti kama sauti ya mtu wa nyumbani. Ikatokea pale kwenye kona ya mto, nyeupe, na mkono wake wa kijani, Sista Esha mbele amekaa na sanduku lake miguuni kama anavyokaa siku zote, Bi Rehema na mwavuli, kijana mmoja mtanashati amevaa koti la kuokolea maisha limemzidi, huyo ndiye afisa, na nyuma kabisa, mahali pangu, amesimama Hiribae.

Nitawaambia ukweli, macho yalinijaa machozi. Walikuwa wamependeza. Walionekana wamekamilika, hakuna aliyepungua, na Sista Esha aligeuka akamwambia Hiribae neno wakacheka wote wawili, na mimi nimesimama kwenye migomba na mashati mawili natoka jasho kama mgonjwa. Nilikuwa sijawahi kuiona boti ile kutoka nje. Miaka yote niko ndani yake, sikujua inavyopendeza inapokuja.

Halafu nikatazama maji. Maji yalikuwa yanapwa, na Hiribae, mzaliwa wa Kau, alikuwa anakuja bandarini moja kwa moja.

Kwa mtumbwi pale unapita, mtumbwi hauna mashine ya kuning'inia. Boti ikapanda tope ikasimama, mashine ikaguna, Hiribae badala ya kuinua akaongeza moto, tope likaruka juu likaushukia mwavuli wa Bi Rehema na yeye chini yake, afisa wa kodi akashika ukingo, boti ikalala ubavu. Sanduku la chanjo likaanza kuteleza. Sista Esha akalikumbatia, na bila kutazama nyuma akapiga ukelele mmoja: "Buya, inua mashine!"

Buya hakuwa nyuma yake. Lakini nimeitwa kwa jina, nifanyeje? Nikatoka kwenye migomba mbio, nikapita katikati ya akina mama, nikaingia topeni na viatu. Hatua chache tu tope likanifika magotini, halafu mapajani, kiatu kimoja kikabaki huko na naamini kiko huko mpaka leo, huku napaza sauti, "Shemeji zima! Zima! Afisa, kaa upande huu! Sista, nipe kamba!" Sista Esha akanirushia kamba, nikajizungushia mwilini, nikavuta, wanaume wawili watatu wakaja wakashika nyuma yangu, tukavuta, boti ikachomoka kwa ghafla, mimi nikaanguka kifudifudi, uso topeni mpaka masikioni. Nilipoinuka kamba ilikuwa imenasa kwenye kola ya lile shati la kahawia, na boti bado inakwenda. Vifungo vikaruka kimoja kimoja. Shati likanitoka kama ganda la ndizi, mkono wa kwanza, mkono wa pili, likaenda zake na boti.

Nikabaki nimesimama topeni na shati la buluu, safi, limepigwa pasi, na mkono wa kijani kifuani.

Afisa wa kodi alitazama kifua changu, akatazama ubavu wa boti, akatazama kifua changu tena. Alikuwa kijana mstaarabu, alishuka, akanishika mkono akanitoa topeni, ndipo akamuuliza Bi Rehema, "Mama, huyu ni nani?"

Bi Rehema alikuwa na tope mpaka kwenye kope. Alinitazama, na nililiona jibu linamtoka kwa shida. Akasema, "Huyu hatumjui. Nadhani ni mwanakijiji tu, ametusaidia."

Najua kwa nini alisema vile. Tulipatana nisionekane, na nilitakiwa nikubali kwa kichwa tu. Lakini neno lile, jamani, lilinikata. Nilisimama nikatazama miguu yangu, mmoja na kiatu mmoja bila.

Ndipo mama mkwe wangu akainuka.

Mwanamke ambaye hajawahi kusema nami maneno kumi kwa mpigo. Akajitanda leso yake vizuri, akageuza uso upande (hata pale heshima hakuiacha, maana mkwe nimelowa tope na suruali imenishika mwili), akaongea na afisa huku anatazama mto.

"Mwanangu," akamwambia, "huyo mama asema hamjui. Huyo ni mkwe wangu, na ni mtu wao. Hiyo boti ni yeye. Tangu aje kuoa kwangu hatujakaa naye sikukuu, wao wamemwita. Baba mkwe wake tulipomzika, alirusha mchanga akaondoka, wamesema boti yangoja. Saa yao, safari yao, nguo yao hiyo hapo. Leo wampa mwanangu wa kumzaa kiti chake, amewapandisha tope. Sasa hamjui vipi?"

Na wale akina mama wengine wakashika, ni kweli, ni Buya, ni yeye kila siku, yule ndiye aliyemshika mtoto wangu akidungwa sindano, ni mtu wa boti. Kila mmoja alikuwa ananitetea. Kila neno lilikuwa linalizamisha shirika zaidi, na Bi Rehema alikuwa analijua hilo, na mimi pia nililijua.

Afisa akamgeukia Sista Esha. "Sista, wewe ulimwita jina boti ilipolala. Ulikuwa unamwita nani?"

Sista Esha hakutazama upande wa Bi Rehema. Akasema, "Nilimwita Buya. Tukipata shida huwa namwita Buya. Sikukumbuka kama leo hayupo."

Kijana akasema polepole, bila ukali, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu yake: "Kwa nilivyoona na nilivyosikia, huyu ni mwajiriwa wenu. Kampuni ni jina tu."

Hapa ndipo aibu yangu ilipo hasa. Tope lilioshwa, kiatu kilinunuliwa kingine. Lakini afisa aliposema neno lile, mbele ya mama mkwe, mbele ya Kau nzima, mwajiriwa wenu, mimi nilitabasamu. Sikutabasamu kidogo, meno yote yalikuwa nje. Shirika linabanwa, Bi Rehema anajifuta tope usoni, kazi yangu mwenyewe inakwenda na maji, na mimi nimesimama nacheka kwa furaha kama bwana harusi, kwa sababu mtu amesema mimi ni wao. Bi Rehema akageuka akanikuta hivyo hivyo na meno yangu nje. Ningependa angenitukana.

Mama mkwe wangu alivua leso yake moja akampa mtoto aniletee nijifunike. Nilijifunika. Hiribae akaja akasimama karibu yangu, akaninong'oneza, "Shemeji, boti si boti." Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi na akina mama wamengoja tangu asubuhi, Sista Esha akafungua sanduku akaanza kudunga, na mimi nikakaa pale pale na leso ya maua mabegani nikiwashika watoto.

Nilirudi nikiwaendesha mimi. Njia nzima hakuna aliyeongea isipokuwa afisa, aliyeuliza habari za viboko.

Sasa mnafikiri waliniandika. Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilikwenda nikakaa Ngao nikingoja simu, nikilala nakiona kikombe chenye jina langu, Buya, kwa herufi za buluu kama za wenzangu. Bi Rehema aliponiita alinipa chai, akaniambia shirika limekaa kikao, kumwandika nahodha hakuna fungu, na kuendelea na mimi kama zamani hakuwezekani tena, kwa hiyo boti wameipa kampuni moja kubwa ya Malindi yenye manahodha wengi, kampuni ya kweli. "Samahani, Buya," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita jina langu. Akaniomba na shati, nami nikampa, nilikuwa nimelifua na kulipiga pasi na kulikunja, nilijua ataliomba. Alilipokea kwa mikono miwili. Nilipofika mlangoni aliniambia, "Siku ile pale Kau, sikupenda kusema hatukujui." Nikamwambia najua, Bi Rehema, na najua kweli.

Siku hizi Buya na Wana ina mtumbwi wake na mashine ndogo ya mtumba, tunavusha watu na maembe, wateja wengi, saa najipangia mwenyewe. Mwana naye amezaliwa, kwa hiyo jina limeanza kusema kweli, bado wengine. Afisa yule akirudi leo hatakuwa na swali. Sina bosi, sina sare. Mama mkwe wangu mpaka kesho anawaambia watu mkwe wake ni wa shirika, amepumzishwa kidogo tu, na sijapata nguvu ya kumsahihisha.

Lakini boti ikipita Ngao naisikia kabla sijaiona. Kila safari nahodha ni mwingine, ile kampuni inatuma huyu, wiki nyingine inatuma yule, na wote wanajua kazi, sitawasingizia, ila hakuna anayejua kwamba ile mashine ikipata baridi ya asubuhi inataka kubembelezwa. Naacha ninachofanya nasimama ukingoni. Sista Esha akiniona ananyoosha mkono juu, nami nanyoosha wangu, tunakaa hivyo mpaka boti iingie kwenye kona.

Basi nimeapa. Kuvaa mashati mawili kwenye joto nimeacha, na kujibu maswali ya wahasibu kwa kutaka kupendeza nimeacha kabisa. Na akija mtu, awe wa kodi, awe wa shirika, awe nani, aniulize kama yuko mwingine wa kusimama mahali pangu, nitamwambia hayupo.